Sauti Tano Zisizofanana



Mara nyingi tunaambiwa kwamba watu wakitaka kufanya jambo pamoja sharti waseme kwa sauti moja. Maneno hayo tunayasikia mikutanoni, tunayasikia kwenye vikao vya ukoo, na kwenye kamati za harusi ndiyo usiseme. Ni maneno mazuri, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini leo napenda tuzungumze juu ya kazi moja ya muziki, iliyotungwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambayo mtungaji wake alifuata njia nyingine. Alichukua ala tano ambazo hazifanani kwa umbo, wala kwa sauti, wala kwa tabia. Akazikalisha pamoja bila ya msimamizi, na akakataa kuzilazimisha zifanane. Na juu ya hayo yote zikaelewana.

Kazi hiyo ni kwinteti ya ala za kupuliza ya Carl Nielsen, mtungaji wa Denmark, aliyoiandika mwaka 1922. Neno kwinteti lisikutishe, msikilizaji. Maana yake ni muziki wa watu watano tu, kila mmoja na ala yake, ambao huweza kupigwa hata sebuleni. Huchukua kama dakika 25 hivi, yaani muda wa mtu kungoja basi asubuhi, na siku nyingine basi lenyewe halijafika.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe, maana kazi hii haieleweki vizuri bila ya yeye.

Carl Nielsen alizaliwa tarehe 9 Juni 1865 karibu na kijiji cha Nørre Lyndelse, katika kisiwa cha Funen. Alikuwa mtoto wa saba katika familia ya watoto 12. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na siku za harusi na sherehe za kijijini alichukua fidla yake au korneti akaenda kuwachezesha watu. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyumbani, wa nyimbo za kawaida za watu wa pale. Nyumba ile haikuwa na mali. Katika kitabu juu ya utoto wake, kilichotoka mwaka 1927, Nielsen anaeleza jinsi alivyozoea kugonga magogo ya kuni yaliyopangwa nje. Aligundua kwamba kila gogo lina sauti yake, kwa kadiri ya unene na urefu wake, akawa anatafuta nyimbo juu ya kuni zile. Wengine waliziona kuni za kupikia, naye alisikia kwamba hakuna gogo linalolia sawa na jirani yake. Naomba uliweke akilini jambo hilo.

Alipokuwa na umri wa miaka 14, mwaka 1879, alichukuliwa jeshini katika mji wa Odense, si kwa kushika bunduki bali kwa kupuliza. Kazi yake ilikuwa kupiga buruji ya kuwaita askari na tromboni katika bendi. Hapa na sisi tunapata mahali pa kushika. Ala za shaba ziliingia pwani yetu kwa njia hiyo hiyo ya majeshi na bendi zake. Watu wa pwani walizitazama bendi zile zikipita, wakazigeuza kuwa ngoma yao wenyewe, wakaiita beni, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kijana wa Funen mwenye buruji yake na vijana wa beni wa miji yetu walikunywa katika kisima kimoja, ingawa hawakujuana.

Mwaka 1884 Nielsen aliingia chuo cha muziki cha Copenhagen, akamaliza mwaka 1886. Mwaka 1889 alipata ajira katika okestra ya Jumba la Michezo la Kifalme, akiwa mpiga fidla ya pili. Msikilizaji, kwa kawaida wimbo wenyewe hupewa fidla ya kwanza. Fidla ya pili hushika yale ya katikati, yale ambayo mtu wa kawaida hayatambui mpaka yakosekane. Nielsen alikaa kwenye kiti hicho mpaka mwaka 1905. Miaka 16 ya kukaa katikati ya wenzako, ukiwasikia mbele na nyuma, kushoto na kulia, ni chuo kikubwa kuliko kile cha kwanza. Hapo mtu hujifunza kusikiliza.

Sasa tufike mwaka 1921. Nielsen ana umri wa miaka 56 na jina lake limekwisha vuma nchini kwake. Jioni moja ya majira ya kupukutika majani alimpigia simu rafiki yake, mpiga piano aitwaye Christian Christiansen. Wakati ule Christiansen alikuwa katikati ya mazoezi na wapulizaji wanne wa kundi la Copenhagen. Walikuwa wakipitia muziki unaohesabiwa kuwa wa Mozart, uliotungwa kwa ajili ya obo, klarineti, honi na basuni. Christiansen alipoinua simu, wenzake hawakunyamaza. Nielsen akawasikia kwa nyuma, ndani ya simu.

Mtu mwingine angesema, naona una wageni, nitakupigia kesho. Nielsen aliuliza kama anaweza kuja kuwasikiliza papo hapo. Akaenda. Na kutokana na jioni ile lilizaliwa wazo la kuwatungia watu wale muziki wao.

Ninasema watu wale, na ninasema hivyo kwa makusudi. Nielsen hakusema, nitaandika kitu kwa ajili ya filimbi. Alisema moyoni mwake, nitaandika kitu kwa ajili ya fulani anayepiga filimbi. Wanakundi walikuwa watano. Paul Hagemann alipiga filimbi, Svend Christian Felumb obo, Aage Oxenvad klarineti, Hans Sørensen honi, na Knud Lassen basuni. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kupumua, namna yake ya kukasirika na namna yake ya kucheka. Nielsen aliyachukua hayo yote kuwa sehemu ya kazi.

Pengine msikilizaji atauliza, ala hizo tano zina shida gani hata tuone ajabu zikielewana? Shida ipo, tena kubwa.

Fikiria kwanza kundi la fidla ambalo watungaji wa Ulaya walilipenda mno: fidla mbili, fidla kubwa kidogo iitwayo viola, na selo. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Wote wana nyuzi nne, wote wana tumbo la mbao, wote husuguliwa kwa upinde. Ukifumba macho si rahisi kujua sauti ya huyu imekomea wapi na ya yule imeanzia wapi. Kuwapatanisha ndugu wanaofanana si kazi ngumu sana.

Wapulizaji watano ni habari nyingine. Filimbi haina ulimi wowote. Mpigaji hupuliza juu ya tundu, na hewa hukatwa na ukingo wa tundu lile. Obo ina ndimi mbili nyembamba za tete zilizofungwa pamoja, na hapa mtu wa Lamu au Mombasa hahitaji maelezo, kwa sababu zumari yake hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Obo na zumari ni watu wa ukoo mmoja, ila mmoja alilelewa katika jumba na mwingine uwanjani. Klarineti ina ulimi mmoja tu, uliobanwa kwenye mdomo wa ala. Basuni ina ndimi mbili kama obo, lakini bomba lake la mbao ni refu zaidi ya mita mbili, nalo limekunjwa ili mtu aweze kulishika, na sauti yake hushuka chini kama mzee anayeguna. Mwisho kuna honi. Honi si ya mbao hata kidogo. Ni bomba la shaba lililoviringwa, na lingenyooshwa lingepita mita tatu na nusu. Haina ulimi wa tete. Ulimi wake ni midomo ya mpigaji mwenyewe inayotetemeka, kama ilivyo kwa mpiga siwa.

Basi hao ndio watano wetu. Mmoja hana ulimi, wawili wana ndimi mbili mbili, mmoja ana ulimi mmoja, na wa tano ni mgeni wa shaba aliyekaribishwa nyumba ya mbao. Filimbi ikishuka chini sauti yake hupungua nguvu, lakini obo ikishuka chini sauti yake huwa nzito na kali. Honi ikiamua kupaza sauti huwafunika wote. Ukitaka kuwafanya watano hao wasikike kama kitu kimoja, utahangaika sana.

Watungaji wa zamani walijaribu. Mjini Paris, baada ya mwaka 1810, Anton Reicha aliandika kwinteti 24 za namna hiyo, na Franz Danzi akafuata na zake tisa. Zilipendwa kwa wakati wake. Lakini baada ya hapo wale watungaji wakubwa wa karne ya 19, ambao majina yao yanajulikana dunia nzima, waliwaandikia fidla na piano na kuwaacha wapulizaji watano wakae nyuma katika okestra. Walionekana ni watu wa kutia rangi katika kazi ya wengine, si watu wa kukaa meza kuu.

Nielsen alikuja na jibu rahisi. Kama hawafanani, basi tusiwafananishe. Katika maelezo aliyoyaandika mwenyewe juu ya kazi hii, alisema kwamba amejaribu kuonyesha tabia ya kila ala. Mara zote zinazungumza kwa pamoja, mara moja inabaki peke yake kabisa. Huo ni mwenendo wa mazungumzo ya watu walioketi barazani. Hakuna baraza ambalo watu wote husema neno moja kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkiona hivyo mjue hilo si baraza, hilo ni gwaride.

Na gwaride Nielsen alikuwa amekwisha lieleza, tena mwaka ule ule. Tarehe 24 Januari 1922 simfoni yake ya tano ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Copenhagen. Vita vikuu vya 1914 hadi 1918 vilikuwa bado ni kidonda kipya Ulaya, ingawa Denmark haikupigana. Ndani ya simfoni hiyo mna mpiga ngoma ndogo ya kijeshi ambaye ameagizwa na mtungaji apige anavyotaka, kana kwamba anataka kwa gharama yoyote kuuzuia muziki usiendelee. Okestra nzima inapambana naye. Mwisho ngoma inashindwa, na inayobaki ikisikika peke yake ni klarineti moja.

Msikilizaji, baada ya kishindo hicho mtu huyu alifanya nini? Majuma machache baadaye alikuwa Göteborg, Sweden, akiongoza okestra ya mji ule, na huko ndiko alikoandika sehemu kubwa ya kwinteti yake. Alitoka katika pigano la watu wengi akaingia katika mazungumzo ya watu watano. Katika simfoni, sauti moja ilitaka kuzizima nyingine zote. Katika kwinteti, hakuna anayemzima mwenzake. Kwa maoni yangu kazi hizi mbili ni swali na jibu, na jibu halikutolewa kwa sauti kubwa kuliko swali.

Tena wakati ule nyumbani kwake mwenyewe palikuwa na ufa. Yeye na mkewe Anne Marie, ambaye alikuwa mchonga sanamu mwenye sifa nchini mwake, walikuwa wameishi mbalimbali kwa miaka kadhaa kutokana na makosa ya Nielsen katika ndoa. Mwaka huo wa 1922 walirudiana. Siwezi kudai kwamba muziki huu ni habari ya ndoa yao. Lakini mtu anayejua jinsi ilivyo kazi kuketi tena meza moja na mwenzako, baada ya kukosana, hawezi kuandika juu ya mapatano kama mtu anayebahatisha.

Kwinteti ilisikika kwanza nyumbani kwa marafiki huko Göteborg, tarehe 30 Aprili 1922. Wananchi wa Copenhagen waliisikia ukumbini tarehe 9 Oktoba mwaka ule ule. Ina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza inaanzishwa na basuni peke yake. Hilo lenyewe ni jambo la kutazama. Katika okestra basuni ni mtumishi wa chini, anayeshikilia sakafu ili wengine wacheze juu yake. Nielsen amempa yeye neno la kwanza. Wengine wanangoja mzee aseme, kisha wanaitikia. Sehemu ya pili ni ya mwendo wa dansi ya kizamani, na inaanzwa na klarineti na basuni wawili tu, kwa utaratibu, kama watu wawili wanaotembea jioni bila ya haraka.

Sehemu ya tatu ndiyo kubwa, na inaanza kwa utangulizi wa huzuni. Hapo mpiga obo anaiweka chini obo yake na kuchukua ala nyingine ya ukoo ule ule, ndefu zaidi na yenye sauti ya giza, inayoitwa pembe ya Kiingereza, ingawa hakika si pembe. Wingu hilo likishapita unakuja wimbo mwepisi kabisa. Ni sauti ya tenzi ya kanisani ambayo Nielsen mwenyewe aliitunga, ikatoka katika kitabu chake cha nyimbo za dini cha mwaka 1919. Wimbo huo hauna madoido. Mtu yeyote aliyepata kukaa katika kanisa la kijiji angeweza kuuimba.

Kisha Nielsen anaugeuza wimbo ule mara 11. Katika mageuzo haya kila mtu anapewa nafasi ya kuueleza kwa lugha yake. Kuna mahali klarineti inapandwa na hasira, inaruka huku na huko, na basuni inaigunia kama mtu asiyekubali hata moja ya hayo yanayosemwa. Ni ugomvi wa kuchekesha, lakini ni ugomvi wa kweli. Kuna mahali wote wananyamaza na basuni inabaki peke yake. Baadaye honi nayo inaachiwa uwanja mzima, bila ya mtu wa kuisaidia, na wale wanne wanasikiliza tu. Fikiria, msikilizaji, ni mikutano mingapi uliyohudhuria ambayo watu wanne walinyamaza kabisa ili wa tano amalize la kwake? Na aliyenyamaza, je, alikuwa akisikiliza kweli, au alikuwa akitayarisha jibu lake?

Mwishoni wimbo wa awali unarudi. Wote watano wanaupiga pamoja, kwa usahili wake, ila hatua zake sasa ni nne badala ya tatu, kwa hiyo umekuwa na uzito wa watu wanaotembea na kujua wanakokwenda. Umoja huu umekuja mwisho, baada ya kila mtu kusikilizwa. Haukulazimishwa mwanzoni. Laiti Nielsen angewaanzisha kwa kuwaambia wote waseme neno moja, tungepata wimbo wa dakika mbili na kwenda zetu nyumbani. Kwa kuwa aliwaacha kwanza watofautiane, ule umoja wa mwisho una kitu ndani yake.

Tena kazi yote hii haina mwongozaji. Hakuna mwenye fimbo anayesimama mbele. Wataanzaje pamoja basi? Wanaanza kwa pumzi. Mmoja anavuta hewa, wenzake wanaiona na kuisikia pumzi ile, na kutokana nayo wanajua muziki utaanza lini, utakwenda kwa kasi gani, na utakuwa wa upole au wa nguvu. Mpiga fidla anaweza kuendelea bila ya kupumua na watu, lakini mpulizaji hawezi. Pumzi yake ndiyo kazi yake. Watu watano ambao hawasikilizani pumzi hawawezi kuvuka hata mstari wa kwanza.

Ningeweza kuishia hapo, na mazungumzo yetu yangekuwa matamu. Lakini habari hii ina upande mwingine, nao ndio ulionifanya niichague.

Nielsen aliwapenda wapulizaji wale hata akaweka azma kubwa zaidi. Alikusudia kumwandikia kila mmoja wao koncheto yake, yaani muziki ambao mpigaji mmoja husimama mbele ya okestra nzima. Watu watano, koncheto tano, kila moja kwa tabia ya mwenyewe. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo mtungaji anaweza kumpa mpigaji.

Koncheto ya filimbi ilipatikana mwaka 1926, na ilipigwa kwanza mjini Paris mwezi Oktoba mwaka huo. Lakini kufikia wakati huo Hagemann hakuwa tena katika kundi, na aliyeandikiwa ni mrithi wake, Holger Gilbert-Jespersen, mtu mtulivu na nadhifu. Nielsen aliweka ndani yake tromboni yenye sauti nzito inayoiingilia filimbi kama mlevi aliyeingia kwenye karamu ya waungwana. Mwaka 1928 ikafuata koncheto ya klarineti kwa ajili ya Oxenvad, ambaye waliomfahamu walimweleza kuwa mtu wa hasira za karibu lakini mwenye moyo mkunjufu. Muziki nao uko hivyo hivyo: unafoka, unatulia, unafoka tena, huku ngoma ndogo ikiuchokoza.

Basi. Zikaishia hapo. Tangu katikati ya miaka ya 1920 moyo wa Nielsen ulikuwa mgonjwa. Tarehe 3 Oktoba 1931 alifariki Copenhagen, akiwa na umri wa miaka 66. Felumb wa obo hakupata koncheto yake. Sørensen wa honi hakupata. Lassen wa basuni, yule aliyepewa neno la kwanza katika kwinteti, naye hakupata. Kati ya wale watano wa mwaka 1922, aliyepata ni Oxenvad peke yake.

Sitaki kumlaumu marehemu. Katika miaka ile alikuwa na kazi nyingi, aliandika simfoni ya sita, aliandika nyimbo za shule na za watu wa kawaida, na afya yake ilikuwa ikimtupa mkono. Lakini kila ninapofikiria kazi hii ninawafikiria wale watatu. Nielsen alikuwa amewasikiliza mpaka akawajua. Alijua pumzi ya Lassen ina urefu gani. Alijua Sørensen akibaki peke yake na honi yake atasema nini. Elimu hiyo haikuwa ya vitabu, ilikuwa kichwani mwake na masikioni mwake, na ilikwenda naye. Baadaye watungaji wengine wameandika koncheto za basuni na za honi, na nyingine ni nzuri sana. Lakini ile ambayo Nielsen angemwandikia Lassen, kwa jinsi alivyomjua Lassen, haiwezi kuandikwa na mtu mwingine yeyote mpaka mwisho wa dunia.

Dunia ya muziki kwa upande wake ilipata mengi. Miaka ile ile ya 1920 wapulizaji walitoka nyuma wakakaa mbele. Mwaka 1923 Igor Stravinsky alitoa mjini Paris kazi yake kwa wapulizaji wanane. Mwaka 1924 Leoš Janáček wa Chekoslovakia, akiwa na miaka 70, aliandika kazi ya wapulizaji sita kuukumbuka ujana wake, na Arnold Schoenberg wa Vienna akatoa kwinteti yake, iliyo ngumu kama hesabu. Kwinteti ya Nielsen imedumu miongoni mwa hizo. Leo kundi la wapulizaji watano likianzishwa mahali popote, haipiti muda mrefu kabla halijaiweka mezani. Na nyumbani kwao Nielsen alipewa heshima ambayo wanamuziki wachache wameipata: katika miaka ya mwanzo ya karne hii picha yake ilikuwa kwenye noti ya kroner 100 ya Denmark. Mtoto wa mpaka rangi, aliyegonga kuni kutafuta wimbo, akaingia mifukoni mwa watu wote.

Ndugu msikilizaji, tunaweza kuondoka na nini? Mimi naona hivi. Kuelewana si kufanana. Katika nyumba zetu, kazini kwetu na katika vyama vyetu tunapoteza nguvu nyingi kuwataka watu wawe kama sisi kabla hatujakubali kuketi nao. Tunamtaka basuni awe filimbi, na akishindwa tunasema hana umoja. Nielsen alianza kwa kusikiliza. Alisikia ndani ya simu sauti ambazo hazikuwa zikimwambia yeye lolote, akavaa koti lake akaenda kuzisikiliza kwa karibu. Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Na ukishamsikiliza mtu hata ukamjua, umekuwa na deni kwake. Pengine ni neno la shukrani kwa mwalimu wako wa zamani. Pengine ni mzee mwenye habari za ukoo ambazo ulikwisha ahidi kuziandika, na kila likizo unasema ijayo. Pengine ni fundi hodari ambaye wewe peke yako unajua thamani yake, na hujamwombea nafasi. Mtu mwingine hawezi kulilipa deni hilo kwa niaba yako, kwa sababu hamjui mtu huyo kama wewe unavyomjua. Nielsen alilipa mawili kati ya matano. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye bidii kuliko wengi wetu, na bado pumzi ilimwishia na matatu mkononi.

Kwa hiyo, kabla ya juma hili kwisha, tazama watano wako ni akina nani, na ni nani kati yao bado anangoja.